Kuwekeza kwa Ajili ya Kustaafu Wakati Soko la Hisa Halitabiriki

Soko la hisa likitetereka, swali huwa ni lile lile: niuze au nisubiri? Jibu lake halimo kwenye habari za soko za asubuhi hiyo. Limo kwenye tarehe ambayo fedha yenyewe itahitajika. Fedha ya kuishi mwaka ujao haikupaswa kuwa kwenye hisa hata soko lilipokuwa shwari, na fedha ya kuishi miaka 25 ijayo haina haja ya kukimbizwa kwa ajili ya mwezi mmoja mbaya. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinafuata kanuni moja: kila kiasi unachoweka kipe tarehe ya kutumika, kisha tarehe hiyo ndiyo iamue kikae wapi.

Kabla ya kuanza: jua soko linaweza kukufanyia nini

Tarehe 19 Oktoba 1987, kipimo cha hisa cha Dow Jones cha Marekani kilishuka asilimia 22.6 kwa siku moja. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, ilipoteza takriban asilimia 57, na haikurudi pale ilipokuwa hadi 2013. Mwaka 2020 ilishuka asilimia 34 kwa muda wa wiki tano hivi, lakini kufikia Agosti mwaka huo huo ilikuwa imeshapanda yote. Kisha kuna Japani. Nikkei 225, kipimo cha soko la huko, ilifika kilele mwishoni mwa Desemba 1989, na haikukivuka kilele hicho hadi Februari 2024, miaka 34 baadaye.

Zitazame safari hizo kwa pamoja. Moja ilichukua miezi sita, nyingine miaka mitano na ushee, nyingine zaidi ya kipindi kizima ambacho watu wengi hufanya kazi. Siku soko lilipoanza kushuka, hakuna aliyejua ipi itakuwa ipi, na wataalamu wa televisheni walikuwa gizani kama wengine. Mpango wa kustaafu unaotegemea kujua jambo hilo haufai. Unaofaa ni ule unaoweza kustahimili safari yoyote kati ya hizo.

Hatua ya 1: Tafuta pengo lako la mwaka

Anza na matumizi, acha mshahara kando. Andika unachotumia kwa mwaka sasa hivi, ondoa yatakayokwisha (mkopo wa nyumba, ada za shule za watoto), ongeza yatakayozidi (matibabu kwa kawaida). Kisha toa kipato ambacho una uhakika nacho: pensheni, mafao ya kila mwezi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, kodi ya pango kama unayo. Kinachobaki ndicho pengo ambalo akiba yako itapaswa kuliziba.

Tuseme, kwa sarafu yoyote, utahitaji 600,000 kwa mwaka na pensheni itakulipa 360,000. Pengo ni 240,000. Zidisha mara 25, unapata 6,000,000. Hilo ni lengo kwa bei za leo.

Hiyo mara 25 ina asili yake. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipima historia ya hisa na hati fungani (mikopo ambayo wawekezaji huipa serikali au kampuni kwa riba) za nchi yake akaona kwamba mtu aliyetoa asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza (yaani sehemu moja kati ya 25), kisha akaongeza kiasi hicho kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, fedha zake zilidumu angalau miaka 30 hata alipostaafu katika vipindi vibaya. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, lakini kisichukuliwe kuwa ahadi. Kimetokana na historia ya soko moja lililofanikiwa kuliko mengi duniani. Ukitaka tahadhari zaidi, zidisha mara 30. Ukistaafu mapema na kutarajia kuishi miaka 40 bila mshahara, tahadhari hiyo ni ya lazima.

Hatua ya 2: Lipa madeni ya gharama kubwa, jenga akiba ya dharura

Deni la riba ya asilimia 20 likilipwa linakupa faida ya asilimia 20 isiyo na shaka. Hakuna hisa inayoweza kukuahidi hivyo. Kwa hiyo mikopo ya muda mfupi ya riba kubwa itangulie kuondoka. Jambo moja tu ndilo ningeliweka mbele yake: kama mwajiri wako huongeza mchango wake pale unapochangia mfuko wa pensheni, changia kiasi kinachotosha kupata mchango wote wa mwajiri. Kuuacha ni kukataa sehemu ya mshahara.

Akiba ya dharura iwe ya miezi mitatu hadi sita ya matumizi, na zaidi ya hapo kwa mwenye kipato cha kupanda na kushuka. Wengine huiona kama somo jingine lisilohusiana na kustaafu. Mimi naiona kuwa ndiyo nguzo ya mpango wote, kwa sababu misukosuko ya soko na kupoteza kazi hupenda kuja pamoja. Asiye na akiba ya dharura huuza hisa zake siku ile ile ambayo bei imelala chini kabisa, kwa kuwa mwenye nyumba anadai kodi. Hapo hasara ya kwenye karatasi inageuka hasara ya kweli.

Hatua ya 3: Usikimbilie fedha taslimu

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya fedha taslimu inaoza, tena kimyakimya. Gawanya 72 kwa asilimia ya mfumuko wa bei, utapata miaka ambayo bei zitachukua kuongezeka maradufu. Mfumuko ukiwa asilimia 6, ni miaka 12. Mtu wa miaka 36 anayeficha fedha kwenye akaunti isiyo na riba hadi miaka 60 atakuta thamani yake imebaki robo.

Ndiyo maana kuogopa soko pekee hakutoshi kuwa mpango. Ukikaa nje una hakika ya kupoteza kidogo kidogo, na ukiingia unakubali kuyumbishwa ili upate nafasi ya kuushinda mfumuko huo.

Hatua ya 4: Gawa fedha kwa tarehe

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo chukua karatasi.

Fedha utakayoihitaji ndani ya miaka mitatu ikae mahali ambapo kiasi chake hakiyumbi: akaunti ya akiba, amana ya muda maalumu, dhamana za serikali za muda mfupi. Hapa hutafuti faida. Unatafuta kuwa na uhakika kwamba ipo.

Ya miaka mitatu hadi kumi inafaa zaidi kwenye hati fungani, hasa zinazoiva karibu na mwaka utakaoihitaji. Wengi huamini hati fungani hazishuki bei. Zinashuka: riba sokoni ikipanda, hati ya zamani yenye riba ndogo hupoteza wanunuzi na bei yake huanguka. Mwaka 2022, riba zilipopandishwa kwa kasi ili kuzima mfumuko wa bei, hisa na hati fungani za Marekani zilianguka pamoja, na waliodhani kwamba moja ingekuwa kinga ya nyingine walishangaa. Lakini ukiishika hati yako hadi iive, na aliyeitoa akalipa, unarudishiwa kiasi kilichoandikwa bila kujali bei iliyumba vipi katikati. Kwa hiyo hati ya miaka 20 si mahali pa fedha ya miaka mitano ijayo.

Ya zaidi ya miaka kumi ndiyo ya hisa. Hata huko kuna swali la moyo, na huwa nashauri watu walijibu kwa tarakimu kamili. Mtu akiulizwa kama anaweza kuvumilia kushuka kwa asilimia 50, hujibu upesi kwamba anaweza. Sasa chukua kiasi chako halisi, tuseme 2,400,000, andika 1,200,000 chini yake, na ujiulize ungelala vipi usiku huo ukijua kwamba huenda ikabaki hivyo kwa miaka mitano. Kama jibu linakufanya ukae vibaya kitini, punguza sehemu ya hisa sasa, ukiwa umetulia. Kupunguza katikati ya anguko hugharimu mno: kilichoshuka asilimia 50 kinahitaji kupanda asilimia 100 ili kurudi kilipokuwa, na aliyeuza hayumo tena katika kupanda huko.

Kila mwaka unaopita, tarehe zinasogea. Fedha iliyokuwa ya miaka 11 sasa ni ya miaka 10, na sehemu yake inahama kutoka hisa kwenda hati fungani. Ugawaji huu haufanywi mara moja ukaisha.

Hatua ya 5: Nunua soko zima, kwa ada ndogo

Kuchagua hisa tatu za kampuni unazozipenda ni burudani ambayo mtu anaweza kujiruhusu kwa sehemu ndogo ya fedha zake. Fedha ya uzeeni itandazwe. Njia rahisi zaidi ni mfuko wa pamoja wa uwekezaji unaofuata fahirisi, yaani unaonunua hisa za kampuni zote zilizo kwenye kipimo fulani cha soko badala ya kumlipa meneja achague. John Bogle wa Vanguard, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, aliuanzisha mfuko wa namna hiyo kwa wawekezaji wa kawaida mwaka 1976, akachekwa. Mifuko hiyo leo inashikilia sehemu kubwa ya uwekezaji wa dunia.

Sababu kubwa ni ada. Fedha 100,000 ikikua kwa asilimia 7 kila mwaka kwa miaka 30 inakuwa takriban 761,000. Mfuko ukikutoza asilimia 2 kwa mwaka, ukuaji wako unabaki asilimia 5, na unaishia na takriban 432,000. Asilimia mbili zilizoonekana ndogo kwenye kipeperushi zimekula zaidi ya theluthi moja ya fedha zako. Huwezi kuamua soko litakupa nini, lakini ada unaichagua mwenyewe. Uliza ada ya mwaka, ya kuingia, ya kutoka na kamisheni ya dalali, na upate majibu kwa maandishi.

Kutandaza kuna mambo mawili yanayosahaulika. La kwanza ni kampuni unayofanyia kazi. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilipofilisika Desemba 2001, wafanyakazi wengi walipoteza ajira na akiba ya kustaafu kwa mpigo, kwa kuwa sehemu kubwa ya akiba hiyo ilikuwa kwenye hisa za Enron yenyewe. Mshahara wako tayari unategemea kampuni hiyo, na huo ni utegemezi wa kutosha.

La pili ni nchi. Mjapani aliyeweka kila kitu kwenye soko la nyumbani mwaka 1989 alikuwa na kampuni nyingi, za sekta nyingi, na bado alikwama. Kama sheria na njia zinakuruhusu kupata mfuko wa kimataifa, weka sehemu huko, ukizingatia kwamba utaongeza pia mabadiliko ya thamani ya sarafu. Na gawio lolote unalopata kabla ya kustaafu, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, lirudishe likanunue vipande zaidi vya mfuko.

Hatua ya 6: Weka kila mwezi bila kuuliza bei

Agiza benki ikate siku moja baada ya mshahara kuingia. Fikiria unaweka 1,200 kila mwezi kwa miezi minne, na bei ya kipande ni 100, kisha 75, kisha 60, kisha 80. Utapata vipande 12, 16, 20 na 15, jumla 63, kwa 4,800 uliyotoa. Kwa bei ya mwisho ya 80, vipande hivyo vina thamani ya 5,040. Bei bado iko chini kwa asilimia 20 kuliko ulipoanza, na wewe uko kwenye faida. Kwa anayeendelea kununua, miezi ya hofu ndiyo inayompa vipande vingi.

Swali linalofuata huwa: na kama nimepata fedha nyingi kwa mkupuo, kiinua mgongo au urithi? Kihistoria masoko yamepanda mara nyingi zaidi kuliko kushuka, kwa hiyo kuweka yote mara moja kumelipa zaidi mara nyingi. Hata hivyo, kama anguko la mwezi wa pili lingekufanya utoe kila kitu na usirudi tena, igawe kwa miezi sita au kumi na miwili. Unalipia utulivu, na bei yake ni halali.

Kuhusu kuchelewa, hesabu moja inatosha. Anayeweka 1,000 kila mwezi kwa miaka 30, ukuaji ukiwa asilimia 6 kwa mwaka, anafikia kama 1,004,000. Anayeweka kiasi hicho hicho kwa miaka 20 anafikia kama 462,000.

Hatua ya 7: Andika kanuni zako kabla ya siku mbaya

Karatasi moja inatosha. Andika uwiano wako (mfano, hisa 60, hati fungani 40), na kwamba utaukagua mara moja kwa mwaka, katika mwezi maalumu. Uwiano ukipotoka kwa zaidi ya asilimia tano, unauza kidogo kilichopanda na kununua kilichoshuka, au unaelekeza michango mipya kwa kilichopungua, jambo ambalo kwa kawaida lina gharama ndogo zaidi. Andika pia kwamba hutauza hisa za miaka kumi ijayo kwa sababu ya habari. Tia saini. Inaonekana kama mchezo wa kitoto, lakini mtu aliye na hofu hutii maandishi yake mwenyewe kuliko ushauri wa mwingine.

Anayedhani atauza leo na kurudi mambo yakitulia, aitazame Machi 2020. Soko la Marekani lilifika chini kabisa tarehe 23. Kesho yake, tarehe 24, Dow Jones ilipanda zaidi ya asilimia 11, na hakuna kilichokuwa kimetulia bado.

Hatua ya 8: Linda miaka mitano kabla na mitano baada ya kustaafu

Katika kipindi hiki mpangilio wa miaka mizuri na mibaya una uzito kuliko wastani. Chukua wastaafu wawili, kila mmoja ana 1,000,000 na anatoa 50,000 mwanzoni mwa kila mwaka. Wa kwanza anakutana na soko hivi: kushuka asilimia 30, kushuka 10, kupanda 20, kupanda 30. Wa pili anapata miaka ile ile kinyumenyume. Kama wasingetoa chochote, wote wangeishia na 982,800. Kwa kuwa wanatoa, wa kwanza anabaki na 720,460 na wa pili 829,360. Tofauti ni karibu 109,000, na hakuna aliyekosea popote. Mmoja amestaafu mwaka mbaya.

Kinga ni kuwa na miaka miwili au mitatu ya pengo lako kwenye fedha isiyoyumba, na mingine mitano hivi kwenye hati fungani, siku unayokabidhi ofisi. Kwa mfano wetu wa pengo la 240,000, hiyo ni 480,000 hadi 720,000 ya karibu, na 1,200,000 ya hati fungani. Zilizobaki, kama 4,000,000, zibaki kwenye hisa. Ndiyo, hisa, hata ukiwa na miaka 60. Huenda ukaishi miaka 30 zaidi, na fedha utakayoihitaji ukiwa na miaka themanini bado ina safari ndefu mbele yake. Kutoa kila kitu sokoni siku ya kustaafu ni kuurudia ule mfumuko wa bei wa hatua ya tatu, safari hii bila mshahara wa kukuokoa.

Hatua ya 9: Namna ya kutoa

Mwaka soko likifanya vizuri, ishi kwa kuuza sehemu ya hisa na ujaze tena akiba ya karibu. Mwaka likianguka, ziache hisa, ishi kwa fedha taslimu na hati zinazoiva. Baada ya mwaka mbaya, usijiongezee posho kwa ajili ya mfumuko wa bei kama unaweza kuvumilia. Kuruka nyongeza moja au mbili kunasaidia kuzirefusha fedha. Angalia pia kodi ya kila unachotoa, kwa sababu aina ya akaunti inaweza kubadilisha ipi ianze kutumika.

Hatua ya 10: Ogopa kisichoyumba

Soko likichafuka, huibuka watu wenye faida ya uhakika ya kila mwezi. Bernard Madoff, aliyekamatwa New York Desemba 2008 kwa utapeli wa uwekezaji, hakuahidi utajiri wa haraka. Aliwaonyesha wateja faida ya wastani, tulivu, mwaka baada ya mwaka, na utulivu huo ndio uliopaswa kuwashtua, maana hisa halisi hazitembei hivyo. Hakikisha anayepokea fedha zako ana leseni, na uithibitishe kwa mamlaka ya masoko ya mitaji yenyewe badala ya kutegemea karatasi anayokuonyesha. Fedha iingie kwenye akaunti ya mfuko, kamwe isiingie kwenye akaunti ya mtu.

Mwisho kabisa: karatasi za nyumbani

Jaza fomu ya warithi kwenye kila mfuko na kila akaunti, na uirekebishe baada ya ndoa, talaka, kuzaliwa kwa mtoto au msiba, kwa sababu katika mifuko mingi jina lililo kwenye fomu ndilo linalofuatwa. Tengeneza orodha ya taasisi, namba za akaunti na dalali wako, bila nywila. Mwonyeshe mwenzi wako au mtu unayemwamini orodha hiyo inapokaa, pamoja na ile karatasi ya kanuni uliyotia saini.